Kujisikia Kando ya Ngoma ya Ismaili

Mwajuma, aliyekalia kiti changu kwenye kikundi, alinipigia simu wiki ya pili tangu nistaafu. Baada ya shikamoo hakuzunguka. "Baba Hassani, niko katikati yao, napiga, na sisikii hata uzi mmoja. Wewe ulikuwa unafanyaje?" Nikamwambia hilo si la simu, nitakuandikia. Ndiyo haya. Na nyie wengine mliobaki mnaweza kusoma, mradi msianze kunirekebisha.

Kwa asiyetujua, kikundi chetu kiko Nachingwea mjini, na kazi yake ni kwenda vijijini kukusanya watu kwa ngoma na nyimbo. Wakishakusanyika, wataalamu wanazungumza nao habari za chanjo, vyandarua, kupogoa mikorosho, salfa ya kuipulizia na mengineyo. Mimi nilikuwa mpiga gitaa kavu, lile la mbao tupu lisilochomekwa umeme popote, kwa miaka ishirini na miwili. Habari za vyeo sina, kwa kuwa mpiga gitaa hapandi cheo. Akipanda sana, anapanda nyuma ya gari.

Nilizaliwa Nandagala, upande wa Ruangwa, na gitaa nilijifunza peke yangu barazani kwa mama. Ukipiga peke yako barazani unasikia kila kitu, hadi ukucha ukigusa uzi. Kwa hiyo nilipokuja Nachingwea kuanza kazi nilijiona fundi. Gitaa nilikuwa nimelifunga kwenye shuka la maua, na nilivaa viatu vya harusi ya mdogo wangu.

Mazoezi yalikuwa kwenye baraza la ghala lililokuwa limeachwa. Nilimkuta Somoe, mwimbaji na kiongozi wetu, mama mfupi asiyependa maneno mengi. Nilimkuta Zuhura wa kayamba. Na nilimkuta Ismaili, mpiga ngoma, mdogo kwangu kwa miaka minne lakini kazini kanitangulia. Ismaili akasogeza kigoda upande wake wa kushoto akasema, "Karibu kaka. Kaa hapa karibu yangu, usiogope." Nikakaa, ngoma ikawa kulia kwangu. Pale pale ndipo nilipokaa miaka yote.

Karatasi za muziki hatukuwa nazo wala hatujawahi kuwa nazo. Somoe anaanzisha, Ismaili anaingia, Zuhura anaingia, na wewe unaingia unapoona pana nafasi. Shida ilikuwa moja tu: sikuiona hiyo nafasi. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Katikati ya wa tatu Ismaili akanyamaza kidogo ajifute jasho, ndipo nikasikia ninachopiga. Nilikuwa nje ya wimbo kabisa, wao wako kwao na mimi niko kwetu. Na hakuna aliyegeuka kunitazama. Hilo ndilo lililoniuma. Kukosea si neno, lakini ukosee nyimbo tatu na asijue mtu?

Tulipomaliza Somoe akaniuliza, "Hassani, leo ulipiga?"

"Nilipiga, dada."

"Ahaa." Akafunga khanga yake vizuri. "Basi nakupa mpaka ufuta uvunwe. Tukiwa bado hatukusikii, nitatafuta mtu wa filimbi."

Nilikuwa na mke, mtoto mmoja na mwingine njiani, na kazi nyingine niliyoijua ilikuwa jembe. Kwa hiyo nilifanya wanachofanya wote: nilipiga kwa nguvu. Mwajuma, najua na wewe umeshaanza, maana nimesikia umekata nyuzi mbili. Acha. Nilikata nyuzi, nikapasua kucha, nikafunga kidole kwa gundi ya viatu, na matokeo yake ni kwamba Ismaili alifikiri nimechangamka, naye akaongeza. Zuhura akaona ngoma imepanda, akapandisha kayamba. Somoe akalazimika kupaza sauti juu yetu sote. Wiki ya pili alikuwa amekauka koo, na mimi bado nilikuwa sijisikii.

Aliyeniokoa hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi seremala mmoja pale mjini, tukimwita fundi Chilumba, mtengenezaji wa vitanda. Nilimpelekea gitaa aunganishe ubavu ulioachia. Akaniuliza lina shida gani jingine, nikamweleza. Alichukua gitaa lenyewe, akaegemeza taya lake pale juu ambapo mbao ya ubavuni inakutana na ya mbele, akaufyatua uzi mmoja kwa kidole gumba. Akacheka kimya kimya. Akanirudishia. "Mpe taya," akasema. "Mimi msumeno ukikwaruza vibaya nausikia menoni kabla ya masikio."

Nikampa taya. Sauti ikapanda kwenye mfupa mpaka nikaisikia ndani ya kichwa, wakati kijana wake wa kazi anapiga randa meta moja kutoka nilipokaa. Huo ndio mwanzo wa maarifa yangu, na nimeutumia mpaka nikapata alama nyeusi chini ya kidevu ambayo watu wa Ruangwa walidhani ni ya kusali vibaya.

Mengine niliyapata mwenyewe, polepole. Kaa ukuta ukiwa mbele yako au ubavuni, hata kama ni ukuta wa udongo, sauti ikupige ikirudi. Usikae chini ya bati mvua ikinyesha. Darasa la shule lenye bati wakati wa masika linakufanya upige kwa kukumbuka tu. Usishindane na ngoma chini, kwenye nyuzi nene, kwa sababu kule ndiko inakokaa. Panda juu ya shingo ya gitaa. Mimi nilifunga penseli kwa mpira wa baiskeli kwenye kijichuma cha tano cha shingo, nyuzi zote zikapanda, nikawa peke yangu huko. Na acha kukwangua nyuzi zote sita muda wote kana kwamba unapalilia. Piga tatu, nyamaza, piga mbili. Mtu akinyamaza halafu akasema, anasikika kuliko anayesema mfululizo.

Ufuta ukavunwa. Wiki iliyofuata nilimwona Somoe anashona mfuko wa turubai kwa ajili ya gitaa langu, nikaelewa kwamba mtu wa filimbi hatakuja.

Baada ya hapo ni miaka ya kazi tu. Masika gitaa linavimba tumbo na nyuzi zinakaa juu. Kiangazi linapasuka, kwa hiyo weka kitambaa kibichi ndani ya mfuko, si ndani ya gitaa kama alivyofanya bwana mmoja tukamwokoa na ukungu. Tulipiga kwenye minada ya korosho huku bodaboda zikinguruma. Ruangwa tulipiga sokoni karibu na mashine ya kusaga, na nilimwomba mwenye mashine azime kidogo, akaniambia nizime mimi. Mimi na Ismaili tulikuwa tunakula sahani moja. Adhana ikisikika alikuwa ananigusa goti, tunaondoka pamoja kwenda kusali. Mtoto wangu wa tatu nilimpa jina lake.

Sasa nifike pagumu.

Kwenye gari letu kulikuwa na spika ya honi, ile ya matangazo, imefungwa nyuma ya dereva. Mimi nilikuwa nakaa chini yake, upande wa kulia, kwa kuwa pale mfuko wa gitaa ulienea. Miaka kumi na zaidi nilikaa chini ya honi ile ikiwatangazia watu mkutano. Kidogo kidogo sikio la kulia likaanza kupiga kelele lenyewe, kisha likanyamaza. Daktari akaniambia mishipa ya ndani imechoka na haitarudi. Nilimwambia mke wangu, ambaye alikuwa ameshajua kwa jinsi nilivyopandisha redio. Kazini sikumwambia mtu. Mkataba wetu ulikuwa unaandikwa upya kila mwaka, na dereva wetu wa kwanza alikuwa ameachishwa kwa sababu ya macho. Mpiga gitaa asiyesikia nani atamwandikia mkataba?

Miaka tisa iliyopita tulikwenda Mkotokuyana kwa kazi ya chanjo ya watoto. Kina mama walikuwa wengi, wamebeba watoto migongoni, jua kali. Uwanja ulikuwa wazi, hapana ukuta, upepo unachukua kila kitu. Ismaili siku ile alikuwa na raha zake, anapiga kwa viganja viwili mpaka vumbi linaruka. Nilimpa taya gitaa, sikusikia. Nilipanda juu ya shingo, sikusikia. Nikapotea. Somoe akageuka kunitazama, akaimba ubeti ule ule mara ya pili kunisubiri, na mimi bado sijui tuko wapi.

Nikasimama, nikainua mkono. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, maana asiyesikia vizuri hajui anasema kwa sauti gani: "Jamani, mimi sipigi mpaka nijisikie."

Nilikusudia kusema mpaka nisikie gitaa langu. Kilichowafikia watu mnakijua. Asiyejisikia ni mgonjwa. Anayejisikia ni mwenye maringo. Na asiyefanya kazi mpaka ajisikie, huyo ni mtu wa hovyo kabisa.

Uwanja ukacheka. Bibi mmoja wa mbele, aliyekuja na mjukuu, akasema kwa huruma, "Mwacheni mwenzenu, hajisikii. Mpeni maji akae kivulini." Nikaletewa maji. Nikayanywa, ningefanya nini? Muuguzi akataka kunipima malaria. Zuhura alikuwa anacheka mpaka kayamba linajipiga lenyewe. Ismaili peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka mikono juu ya ngoma, ananitazama, amenyamazishwa na mimi mbele ya kijiji kizima.

Njiani kurudi, tulipokaribia mjini, Ismaili akasema bila kunigeukia, "Kumbe huwa unapiga ukijisikia, bosi."

Miaka kumi na mitatu alikuwa ananiita kaka. Maneno ya kumjibu nilikuwa nayo, na yalikuwa machache: sikukusudia hivyo, nilikuwa sisikii gitaa. Lakini angeniuliza kwa nini husikii, leo una nini, na mimi kumdanganya Ismaili usoni sikuweza. Nikaona bora niitwe mwenye kujisikia kuliko kuitwa kiziwi. Nikanyamaza. Katika kazi yote hii hakuna jambo ninalojutia kama kunyamaza kule.

Baada ya Mkotokuyana tuliishi kwa adabu. Sahani moja iliisha. Adhana ikisikika alinyanyuka, nami nikanyanyuka, kila mtu kivyake. "Bosi, tusogee." "Bosi, gari limekuja." Niliumia, na nilistahili.

Ila kwenye muziki mambo yakawa mazuri kwa namna ya ajabu. Mwezi ule ule nilikwenda kwa fundi Chilumba, akatoboa tundu la pili kwa keekee, ubavuni juu, linalotazama uso wa mpigaji. Na kweli, tangu hapo nikawa najisikia. Uwanja wa wazi, sokoni, kwenye bati, popote. Hata Somoe alianza kuimba kwa sauti ya chini, na watu wakashika maneno ya nyimbo kuliko zamani. Nikasema tundu limefanya kazi, na taya, na penseli. Nikaanza kujigamba. Vikundi vingine viliniita niwafundishe. Nilikuwa nasimama mbele ya watu, nanyoosha kidole: kwanza taya, pili ukuta, tatu panda juu ya shingo. Hapo, kusema kweli, nilikuwa najisikia kwa maana zote.

Nilistaafu mwanzo wa mwaka huu. Waliniaga kwa pilau na saa ya ukutani. Ismaili alinipa mkono akasema, "Pumzika salama, bosi."

Wiki moja baada ya simu ya Mwajuma nikasikia kikundi kitakuwa Ruangwa sokoni. Nilikuwa Nandagala kuangalia mikorosho, nikapanda bodaboda nikaenda. Nilisema nikamwone Mwajuma anavyokaa kabla sijaandika. Nikasimama na wanunuzi, karibu na wauza dagaa, sikio la kushoto nimelielekeza kwao.

Ismaili akapiga.

Nilihisi kifuani kabla sijasikia. Mama muuza dagaa aliweka mkono juu ya ungo wake. Watu waligeuka kutoka mwisho wa soko. Ilikuwa ngoma pana, nzito, yenye maneno ndani yake, vile alivyokuwa akipiga tulipokuwa vijana, na zaidi, maana sasa alikuwa mtu mzima na hakuharakisha chochote. Nikajiuliza hii ilikuwa wapi miaka yote.

Walipopumzika nikamfuata Somoe nyuma ya gari. "Bibi Somoe, mmenunua ngoma mpya?"

"Mpya ya wapi. Ni ile ile. Katoa matambara."

"Matambara gani?"

Akanitazama kama mtu anayepima kama ni wakati. "Ya Mkotokuyana," akasema. "Siku ile alikasirika, Hassani, alikasirika kweli. Kesho yake asubuhi akaja kwangu na kitenge cha mkewe amekichana vipande. Akasema, kaka Hassani nikimwita kutoka kushoto anageuka, nikimwita kutoka kulia hageuki, nimemjaribu mara tatu jana tuliposhuka. Akakijaza kitenge ndani ya ngoma. Na tangu siku hiyo upande wako alikuwa anapiga kwa vidole tu, kiganja hakikugusa. Alitukataza tusiseme."

Nililia pale nyuma ya gari, na sioni haya kuliandika.

Kwa hiyo, Mwajuma, ulichoniuliza sikijui. Nimekuandikia taya, na ukuta, na penseli, na tundu la fundi Chilumba, na vyote nimevifundisha kwa watu wengi. Taya na penseli viliniokoa nilipokuwa kijana, hilo nina hakika nalo. Ya miaka tisa ya mwisho siwezi kukuambia tena kipi kilikuwa changu. Jaribu, utaona. Na kama husikii, usifanye kama mimi. Mwambie aliye pembeni yako, siku hiyo hiyo, kwa maneno yasiyo na maana mbili.

Ismaili nilimkuta amekaa kwenye ukingo wa baraza anakunywa maji, viganja vimevimba vyekundu. Nilikaa kulia kwake ili sikio langu zima liwe upande wake.

"Viganja vinauma?" nikamuuliza.

"Vimesahau kazi. Vitakumbuka."

"Kwa nini hukuniambia, Ismaili?"

"Na wewe?"

Wapakiaji walikuwa wanapita na magunia. Nikangoja wapite. Halafu nikasema, na nje ya nyumba yangu sikuwahi kulisema: "Sikio langu la kulia limekufa. Lilikufa kabla ya Mkotokuyana."

Hakushtuka. Alimalizia maji, akaweka kikombe chini.

"Najua," akasema. "Miaka tisa nakungoja uniambie, kaka."